Mdomo wa Mama wa Saruji

Siku hizi sanamu huletwa kwa lori, imeviringishwa nailoni kama godoro jipya. Vijana wanaishusha, wanaikaza kwa boliti, jioni mtu anakata utepe, na mvua za kwanza zikinyesha rangi inaanza kubanduka. Ukiigonga kifuani inalia kama ndoo tupu. Hakuna aliyeichapa udongo, hakuna aliyekesha kwa ajili yake. Nani atakumbuka kwamba zamani sanamu ilikuwa na fundi, na fundi huyo alikuwa na ndugu, na ndugu hao walikuwa na machungu yao?

Tulimwita Vumbi. Alikuwa fundi wa sanamu katika karakana moja nyuma ya soko la mbao, na mimi nilikuwa mchonga herufi papo hapo. Jina lilimfaa. Hata siku ya harusi yake, ndani ya suti nyeusi ya kuazima, kope zake zilikuwa nyeupe. Mkewe alipenda kutueleza kwamba aliolewa na wawili, mwanamume na mfuko wa saruji, na kwamba mpaka leo hajajua yupi kati yao hukoroma.

Alilelewa na dada yake. Mama yao alifariki Vumbi akiwa bado anatambaa; dada, naye mwenyewe mtoto, akamfunga mgongoni akaendelea na kazi za nyumbani. Ndiyo maana hata alipoota mvi Vumbi alimwamkia dada yake shikamoo kama anayemwamkia mama, na dada naye hakuona haya kumwambia mbele za wageni akanawe uso. Dada alijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume. Mjomba na mpwa wakawa chanda na pete. Kijana alikuwa akija karakanani kutoka shule, anakaa juu ya mapipa, anamcheka mjomba wake kwamba sanamu zake zote zina pua ya mtu mmoja, yaani pua ya mjomba.

Karakana ilikuwa ya mzee mmoja tuliyemwita Fundi Mkubwa. Alianza kwa kufinyanga watakatifu wa plasta kwa ajili ya makanisa, na kutoka hapo akahamia malaika wa makaburini. Kitu alichokithamini kuliko vyote ni albamu: kitabu kikubwa cha picha za minara ya vita ya nchi za mbali, jalada lake limeliwa na mende, kurasa zake zinanuka gundi. Hicho ndicho kilichokuwa chuo chetu. Humo tulijifunza askari aliyeegemea bunduki iliyoelekea chini, simba aliyelalia ngao, na zaidi ya yote wanawake. Wanawake wa albamu walikuwa wamepiga magoti, shuka imewafunika vichwa, mikono imetulia mapajani, macho chini, midomo imefumbwa. Fundi Mkubwa aliwapenda wanawake wale kama mtu anavyowapenda shangazi zake. Alikuwa akituambia kwamba msiba wa jiwe haupigi kelele. Na alikuwa na sababu ya kifundi vilevile: mdomo ulio wazi hukusanya maji, maji huingia kwenye nondo, kutu inavimba, kichwa kinapasuka, na kama hakikupasuka, ndege atataga humo. Tulikubali. Enzi zetu mwanafunzi alikubali kwanza akauliza baadaye. Wa leo anauliza kwanza, na jibu halisubiri.

Kisha ikaja vita ya mpakani, na mpwa akaenda. Vumbi alimbebea begi mpaka kituoni.

Siku habari ilipofika nilikuwapo. Sakafu ya jiko la dada ilikuwa imepasuka, tukaenda kuiziba, mimi nikimshikia Vumbi ubao wa kusawazishia. Dada alikuwa uani anafua. Wakaingia askari wawili wamevua kofia, jirani akiwafuata nyuma na khanga mdomoni. Dada aliinuka na povu mikononi, akawasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, hata akamshukuru yule mkubwa wao. Halafu akakaa chini. Hakupiga magoti. Alikaa kama mzigo uliokatika kamba, miguu ameitupa mbele, beseni likapinduka na maji yote yakamwishia nguoni. Akashika kichwa kwa mikono miwili, mgongo ukapinda, akafungua mdomo. Sauti iliyotoka humo sijui niiandikeje. Waliokuwa mtaa wa pili waliacha walichokuwa wakifanya.

Mwili haukuletwa. Waliambiwa kulikuwa na moto, na mahali pale hapakuwa na cha kuokota wala kutambua.

Sasa, Vumbi. Mtu mwingine angemkimbilia dada yake. Vumbi alichana kipande cha mfuko wa saruji, akachomoa penseli sikioni, akachora. Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya karatasi na mkono hausimami. Nilimgusa bega, hakusikia. Dada aliinua uso kuvuta pumzi, akamwona. Walitazamana. Vumbi akaificha karatasi nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Vita ilipokwisha, baraza la mji likataka mnara katikati ya mzunguko mkubwa wa barabara. Mwenyekiti wa kamati alitaka askari aliyenyanyua ngumi, kama aliyemwona katika mji wa jirani, ila wetu awe mrefu zaidi. Fundi Mkubwa alimchukua taratibu, chai juu ya chai, mpaka mwenyekiti akaanza kusema wazo la mama anayeomboleza lilikuwa lake. Kazi ya kufinyanga ikapewa Vumbi. Mimi nilipewa majina ya waliokufa, na jina la mpwa lilikuwamo.

Vumbi alianza kwa udongo, kama ilivyokuwa desturi: udongo kwanza, kisha kalibu ya plasta ya kunasa umbo, kisha saruji juu ya nondo. Alibandika ile karatasi ya mfuko ukutani, akamfanya mama kama alivyomwona. Miguu mbele, mikono kichwani, mgongo umepinda, mdomo wazi. Fundi Mkubwa alizunguka udongo ule kwa muda mrefu, kisha akauliza kama baraza la mji limeagiza tangazo la mng'oa meno. Kamati nayo ikaja. Mmoja akasema mama huyu ameibiwa sokoni. Mwenyekiti alihofu kwamba watoto wa shule watapita pale na kuota usiku. Wakaondoka, na Fundi Mkubwa akaifungua albamu juu ya kigoda, ukurasa wa wanawake wake, akamwambia Vumbi amheshimu marehemu. Alikuwa mwalimu wake, na Vumbi hakuwa amewahi kumbishia.

Basi Vumbi akamkunja mama miguu, akampigisha magoti. Akamteremsha mikono mapajani. Akamtandia shuka kichwani. Mwisho akaweka kidole gumba juu ya mdomo akaufumba, mara moja, kama mtu anayeziba tundu la panya. Kilichobaki cha dada yake ni mgongo. Mgongo haukuguswa, kwa kuwa albamu ilikuwa na picha za mbele tu. Hakuna mpiga picha aliyejisumbua kwenda nyuma ya wanawake wale.

Sanamu ilizinduliwa kwa tarumbeta, watu wakaipenda. Ni nzuri, hata leo sikatai. Lakini kina mama waliotoka sokoni waliingia mzunguko kwa upande wa nyuma, na hao hawakuhitaji kuambiwa. Walimjua mtu waliyekaa naye katika msiba. Wakawa wanamwambia dada kwa upole wote kwamba leo tumekuona mjini. Dada akaacha kupita pale. Akienda sokoni alizunguka kwa gereji, kwenye matope na mafuta machafu, na miguu yake ilikwisha kuanza kuuma.

Vumbi aliliona hilo akalielewa kwa namna yake: dada hajamsamehe ile karatasi. Hatia ikamwingia kama unyevu unavyoingia ukutani, kutoka chini, bila sauti. Kila jambo nyumbani kwa dada likawa lake. Paa likivuja, yumo juu. Bomba likiziba, yumo chini. Alimjengea uzio ambao dada hakuuomba, na dada akalalamika kwamba sasa hawaoni majirani zake. Wakala pamoja, wakataniana, wakazeeka, na neno sanamu halikutajwa kati yao hata siku moja. Mkewe alinidokeza kwamba mumewe hawezi kupita mahali mtu analia. Matanga yote ya mtaa alikaa nje kabisa, mikono ndani ya makwapa, asije mkono ukaenda kwenye penseli. Fundi wa sanamu za maombolezo, na hawezi kumtazama aliyefiwa usoni.

Fundi Mkubwa akafa na kumwachia albamu. Tulimzika chini ya jiwe tulilolichonga wenyewe, lenye uso uliofumbwa mdomo.

Miaka mingi baadaye akaja mhadhiri na wanafunzi wake. Alisimama mbele ya sanamu akawaeleza kwamba hii ni nakala tu ya kazi za ng'ambo, haina chochote cha hapa. Wakamfuata Vumbi karakanani wakamuuliza. Nilidhani atakasirika. Alifurahi. Ndiyo, akasema, imetoka kwenye kitabu, hakuna mtu yeyote nyuma yake. Akawafungulia mpaka ukurasa wenyewe, wakapiga picha. Alipenda aitwe mwigaji mbele ya nchi nzima kuliko kumtaja dada yake. Habari ikatangazwa redioni, na dada, ambaye redio yake haizimwi, akaisikia akiwa anachambua mchele. Akatuma mtu amwite.

Vumbi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, siku ya pili yake, ameketi juu ya pipa lilelile la mpwa. Dada alimkaribisha, akampa kiti, akaendelea na mchele wake.

"Yule mwanamke wa pale mjini ni wa nani?"

Vumbi akasema ni wa albamu.

"Na mgongo?"

Hapo Vumbi alitoka kwenye kiti akaketi chini miguuni pa dada yake, mzee mzima, akaanza kuomba radhi ya karatasi. Akasema mkono ulimtangulia. Akasema tangu siku ile hajawahi kulala usingizi uliokamilika. Dada alimsikiliza kwa mshangao.

"Karatasi? Hiyo nilikusamehe kabla povu halijanikauka mikononi. Ulikuwa unalia huku unachora. Kila mtu hulia na alichokishika. Mimi nililia na sabuni, wewe ukalia na penseli."

"Basi mbona hupiti pale, dada?"

"Nilipita, mara moja. Nikazunguka mpaka mbele. Nikaona mwanamke amefiwa na mtoto, naye ametulia kama anayesubiri zamu yake hospitali." Aliuweka ungo chini. "Mimi nilipiga kelele, mdogo wangu. Mwanangu hakupata jeneza wala kaburi. Alichokipata kutoka kwangu ni kile kilio, basi. Nacho ukakifunga wewe."

Vumbi alinyanyuka akasahau kofia. Aliponisimulia alikuwa akirudia jambo moja tu, kwamba muda wote ule alikuwa akibisha hodi mlango usio wenyewe. Paa, bomba, uzio, vyote vililipia kosa ambalo halikuwepo, na kosa lenyewe lilikuwa limekaa katikati ya mji, juu ya jukwaa, linapigwa picha. Nilijaribu kumfariji. Nikamwambia Fundi Mkubwa ndiye aliyeamuru. Akanionyesha kidole gumba chake. "Hiki ni cha nani?" akasema.

Tangu siku hiyo lilikuwa ni hilo moja: kumrudishia dada mdomo wake kabla hajafa. Dada alikuwa ameanza kwenda kliniki ya moyo, na sanamu ilikuwa mali ya baraza la mji.

Nafasi ikaja na kumbukumbu ya kumalizika kwa vita. Mhandisi wa baraza aliona nyufa, akaulizia fundi wa zamani, akampa Vumbi kazi ya kuziba na kupaka chokaa. Alimwonya kwamba ni kuziba tu, kitu kibaki kama kilivyo. Mimi nilipewa kuchimba upya herufi zilizofutika. Tulipanga jukwaa la mbao asubuhi, magari yanatuzunguka na kutupigia honi, na kabla hata hajachanganya saruji Vumbi akashuka akaenda zake. Alirudi amemshika dada yake mkono. Dada alikuwa amevaa nguo zake za kwendea kliniki, mkoba begani, wanavuka barabara polepole huku madereva wakiwatukana. Nilimletea kigoda, akakataa kukaa.

Vumbi alipanda na patasi na nyundo. Akaiweka patasi katikati ya midomo ile aliyoifumba mwenyewe, akanitazama mimi, akamtazama dada, akapiga. Kikatoka kipande kama kigae. Akapiga tena, akageuka kuuliza kwa macho.

"Bado," dada akasema.

Akaendelea. Vumbi jeupe likamjaa nyweleni, akawa kama zamani. Kila akisimama dada anasema bado. Nikamwona jasho linamtiririka, akainama akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nikizidi hapa taya litaondoka."

"Liondoke. Langu liliondoka."

Akapiga, na upande wa kushoto ukabanduka zaidi ya alivyokusudia, pamoja na kipande cha shavu. Nondo ikaonekana ndani, nyekundu kwa kutu, imekaa mahali pa ulimi. Ulikuwa mdomo mbaya. Umekwenda upande, mkubwa kushoto kuliko kulia, hauna kingo. Vumbi akaitoa tupa mfukoni ili asawazishe, maana mkono wa fundi hauwezi kuacha kitu hivyo.

"Acha," dada akasema. "Hapohapo."

Alibaki ameutazama, mkoba umemteleza mpaka kwenye kiwiko. Mdomo wake mwenyewe ulikuwa umefunguka kidogo. Kisha akamwambia mdogo wake ashuke, akanawe uso, watu wanamtazama.

Mtu angedhani Vumbi aliondoka pale mwepesi. Hapana. Alikaa juu ya mfuko wa saruji akawa anaifikiria albamu. Alisema amemrudishia dada haki yake, sasa amemvunjia heshima mwalimu wake, aliyemwokota hana kazi akamfundisha kushika patasi. Wanawake wale wa albamu, alisema, hawakukosa kitu. Labda nao walipiga kelele, na huko kwao alikuwako kijana mwenye kidole gumba. Wazo hilo lilimsumbua kuliko yote.

Mhandisi alikuja mchana akashika kichwa. Vumbi aliitwa ofisini, akaitwa mharibifu wa mali ya umma, akafukuzwa. Siku ya sherehe mama alifunikwa kitambaa kichwa kizima, na hotuba zikasomwa mbele ya mtu aliyefunikwa gubigubi. Baada ya hapo wakatumwa vijana wawili na mfuko wa saruji ya kukauka upesi. Mimi na Vumbi tulisimama kando ya barabara tukiwatazama.

Hawakuchokora saruji ya zamani ikapata makwaruzo. Hawakuilowesha maji. Walikandika tu juu ya vumbi, wakapiga mwiko, wakapiga picha na simu, wakaondoka. Mtu yeyote aliyefundishwa kazi anajua kwamba saruji mpya haishiki juu ya kuukuu iliyokauka. Itakaa mpaka mvua, basi. Vumbi alikuwa amevuta pumzi kuwaita. Nilimwona. Maisha yake yote hakuwahi kuona kosa la kazi akalipita, hata la adui. Fundi Mkubwa alitufundisha kwamba fundi akiliona kosa akanyamaza, kosa limekuwa lake. Akaishikilia ile pumzi, kisha akaiachia puani taratibu.

Tukiwa njiani akaniuliza kama ni dhambi. Nilimwambia kwamba sijui, na sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba lilimuuma, na kwamba hakurudi kuwaambia.

Masika yalipoanza kipande kilianguka. Baraza likatuma wengine, wakaziba vilevile, kikaanguka tena. Ndivyo inavyokwenda. Kila mwaka mama wa saruji hufumbwa mdomo kiangazi, na kila masika hufumbuka, nondo imezidi kutu na shavu limezidi kupasuka, kama alivyosema Fundi Mkubwa kuhusu maji. Ndege bado hajataga.

Mvua ikikatika Vumbi huvaa kofia akaenda mzungukoni kabla wafagiaji hawajafika. Huinama kwa shida, akakiokota kile kipande, akakitia mfukoni kama mtu aliyeiba. Dada siku hizi anapita palepale akienda kliniki, hazunguki tena kwa gereji. Naye Vumbi humpelekea kipande nyumbani, hukiweka kizingitini, na huwa hamtazami usoni anapokiweka.

Dada hukisogeza kwa mguu mpaka kwenye mlango wa uani, ule unaopenda kujifunga kwa upepo, akauzuilia.